Bledi ya theluji na treki kwenye Argo moja: kipi kifungwe kwanza?

"Fundi, habari za kazi. Naishi kaskazini mwa Ontario, Kanada, mwendo wa saa moja kutoka Sudbury, na kazi yangu ni kutunza nyumba za mapumziko kando ya ziwa. Nimenunua Argo iliyotumika, ile ya magurudumu manane inayotembea nchi kavu na majini. Nataka kuifunga bledi ya kusukuma theluji na pia treki, ile mikanda mipana ya raba kama ya katapila. Nina njia ya mita 250 ya kusafisha, na tena nahitaji kuvuka ziwa kwenda kwenye nyumba mbili zilizo ng'ambo. Aliyeniuzia anasema bledi nitoboe tu mashimo mbele nikaze bolti, na kwamba treki zitaongeza nguvu ya kusukuma maradufu. Jirani anasema treki zitanimalizia beringi. Kuhusu barafu wote wanasema nisijali, gari lenyewe linaelea. Nimsikilize nani?"

Ndugu yangu, kwenye habari ya beringi jirani yako yuko karibu na ukweli, ila hakukueleza sababu. Aliyekuuzia amekosea kwa yote mawili. Na hilo la barafu ndilo linalonitia hofu, kwa hiyo nitalirudia huko chini kwa kirefu.

Kwanza tutenganishe kazi zako. Njia ya mita 250 ni kazi ya kusukuma mzigo juu ya ardhi ngumu. Ziwa ni kazi ya kupita juu ya theluji laini bila kuzama. Bledi ni ya kazi ya kwanza, treki ni za kazi ya pili. Ukivifunga vyote kwa pamoja, kila kimoja kinaongeza uzito na msuguano palepale ambapo mwenzake ameshaelemea. Inawezekana, na watu wengi wa huko kwenu wanafanya hivyo kila msimu, lakini inataka mpangilio, na mpangilio huo unaanza na kuijua mashine yenyewe.

Argo haina magurudumu yanayokata kona, na haina springi wala shokomzoba. Imeanza kutengenezwa New Hamburg, hukohuko Ontario, mwaka 1967, na wazo lake la msingi ni lilelile: nguvu ya injini inapita kwenye belti, inaingia kwenye gia, kisha cheni zinazungusha ekseli zote. Matairi manne ya kushoto yameunganishwa kwa cheni, hayana budi kuzunguka kwa mwendo mmoja. Ya kulia vivyo hivyo. Ukivuta hendeli upande mmoja, breki iliyo ndani inashika upande huo, upande wa pili unaendelea, na gari linageuka kwa kujiburuta. Tairi zenyewe, kwa upepo wake mdogo, ndizo springi.

Shika hilo la kujiburuta, kwa sababu ndilo kiini cha jibu langu. Kila kona unayokata na gari hili ni kazi nzito: matairi manane yanasuguliwa kando, breki inapata moto, cheni zinavutwa. Ukiyavika treki, sasa sehemu inayogusa chini ni ndefu na pana, na yote inapaswa kuteleza kando ndipo gari ligeuke. Juu ya theluji laini si neno, theluji inasogea. Juu ya kokoto zilizoganda au lami kavu, mzigo huo unarudi wote kwenye cheni, breki na ekseli. Sasa weka mbele bledi iliyojaa theluji halafu ujaribu kukata kona. Unaona mwenyewe tunakoelekea.

Ndiyo maana nasema jirani yako ana hoja. Ekseli ya Argo imeshikwa na beringi kwenye ukuta wa bodi, na tairi linaning'inia nje. Ni sawa na kubeba ndoo ya maji mkono ukiwa umenyooshwa: ndoo ni ileile, lakini bega linaumia kuliko ungeibeba karibu na mwili. Treki zinaongeza uzito na mvutano huko nje kabisa. Dawa yake ipo na si ya kubahatisha. Kuna viongezi vya beringi, vipande vinavyofungwa nje ya bodi ili kusogeza beringi ya nje karibu na tairi. Kabla ya kununua treki, lala chini uangalie kama Argo yako inavyo. Nyingi zilizotumika hazina, kwa sababu mwenye nazo wa kwanza alikuwa anawinda kwa matairi tu. Kama yako haina, gharama ya treki si ile iliyoandikwa kwenye tangazo. Ni hiyo pamoja na viongezi, na mara nyingi pamoja na cheni mpya.

Sasa hiyo habari ya nguvu maradufu. Nguvu ya kusukuma juu ya ardhi ngumu inatokana na mambo mawili: uzito wa gari, na jinsi linavyoshika chini. Gari lako pamoja na wewe tuseme ni kilo 650. Juu ya theluji iliyoshindiliwa, raba inaweza kukupa robo ya uzito huo, kwa hiyo unasukuma kwa nguvu ya kama kilo 160 tu kabla ya kuanza kuteleza, hata injini iwe na nguvu kiasi gani. Treki zinaongeza uzito kidogo, na meno yake yanauma theluji vizuri kuliko tairi. Lakini kazi yake hasa ni kuutawanya uzito. Argo yenye treki inakandamiza chini kwa presha isiyofika psi 1, yaani pauni moja kwa kila inchi ya mraba, ndiyo sababu inapita mahali ambapo mtu kwa miguu anazama hadi kiunoni. Penye theluji nzito laini, tofauti kati ya tairi na treki ni kama usiku na mchana. Kwenye njia yako, ambayo chini yake kuna kokoto ngumu na theluji unaiondoa kila inapoanguka, faida ni ndogo kuliko ulivyoambiwa. Na juu ya barafu tupu treki za raba zinateleza kama tairi linavyoteleza.

Kwa hiyo ushauri wangu, kama fedha inatosha kitu kimoja msimu huu, ni huu: nunua bledi, ubaki na matairi, na usafishe mapema na mara nyingi. Fanya hesabu ya njia yako. Mita 250 kwa upana wa mita 3, theluji ya sentimita 20, ni mita za ujazo 150. Ikiwa ndiyo kwanza imeanguka na ni nyepesi, kilo 100 kwa kila mita ya ujazo, una tani 15 za kusogeza. Ukiiacha upepo uishindilie na jua liilowanishe, inafika kwa urahisi kilo 300 kwa mita ya ujazo, na kwa kina hichohicho ni tani 45. Hakuna treki wala bledi itakayokupa unafuu kama kutoka na mashine ikiwa bado sentimita 10.

Tuje kwenye kufunga bledi. Usitoboe bodi, nakuomba. Bodi ya Argo ni plastiki, na kazi yake ni kuzuia maji. Kinachobeba nguvu ni fremu ya chuma iliyo ndani. Bledi ikigonga jiwe lililojificha chini ya theluji, gari zima la kilo 650 linasimama kupitia bolti zile. Zikiwa zimeshika plastiki peke yake, plastiki itapasuka kutoka tundu hadi tundu, na ufa huo utauona siku utakapoingia majini. Tafuta mabano, yaani vishikizo vya chuma, yaliyotengenezwa kwa modeli yako, yanayoshika fremu kwenye matundu ya kiwandani. Kama lazima bolti ipite kwenye plastiki, iwe juu ya usawa wa maji, iwe na washa pana pande zote mbili, na izungushiwe gundi ya boti isiyoganda ngumu. Silikoni ya bafuni haifai, haishiki vizuri kwenye plastiki hii.

Upana wa bledi ndio unaowaponza wengi. Bledi inayouzwa sana kwa magari haya ni ya inchi 60, sawa na sentimita 152, na Argo yako ina upana karibu na huohuo. Ikiwa imenyooka mbele, inatosha. Lakini theluji haisukumwi mbele tu, unaipinda bledi kama nyuzi 30 ili imwage pembeni. Ikipindwa hivyo, upana inaosafisha unashuka hadi sentimita 132. Maana yake tairi za upande mmoja zinakanyaga theluji ambayo haijaondolewa, gari linainama, na ukingo wa bledi unachimba upande mmoja. Ukiwa na treki pana hali ni mbaya zaidi. Chukua ya inchi 72. Hiyo ikipindwa inabaki na sentimita 158, na uzito wake wa ziada unavumilika.

Bledi lazima iwe na springi za kuiachia ilale mbele inapogonga kitu. Usizifunge kwa waya ati ikate vizuri, springi hizo ndizo zinazolinda fremu, na kuzuia meno yako yasigonge hendeli. Iwe pia na viatu vya chini vya kurekebisha kimo. Mwanzoni mwa msimu, kabla kokoto hazijaganda, viweke bledi ielee sentimita 2 au 3 juu ya ardhi, la sivyo utazikusanya kokoto zote za njia na kuzirundika kwenye nyasi za mwenye nyumba.

Kuinua na kushusha kunafanywa na winchi, mashine ya umeme inayovuta kwa kukunja kamba. Hapa kuna jambo dogo linalokula fedha. Winchi imetengenezwa kuvuta mara chache kwa nguvu nyingi. Kwenye theluji unaiomba ivute mara mia, kila mara sentimita 30 zilezile, kwa hiyo kamba inachakaa mahali pamoja. Nyaya za chuma zinakatika nyuzi moja moja na kuchoma mikono. Funga kipande kifupi cha mkanda mzito mwishoni ili kiumie hicho, na ukibadilishe kila kinapoanza kuota manyoya. Ukiinua, achia kitufe kabla bledi haijagota juu, maana winchi haijui kusimama yenyewe na mabano yanapinda. Betri nayo, kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, imeshapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, na ukisafisha kwa mwendo wa kobe huku unabonyeza winchi kila dakika, injini haiwahi kuijaza tena. Iweke kwenye chaja usiku.

Unapoendesha, weka gia ya chini, siku zote. Kwenye gia ya juu mzigo unaifanya belti iteleze kwenye puli, ipate moto, iungue. Ukisikia harufu ya raba, simama, umechelewa kidogo. Sukuma ukiwa umenyooka. Ukifika mwisho wa msukumo, inua bledi, rudi nyuma, ndipo ugeuze gari likiwa tupu. Kanuni hiyo moja, kutokata kona na mzigo mbele, inaokoa cheni, breki na beringi kuliko kipuri chochote utakachonunua. Mwanzo wa msimu sukuma theluji mbali kuliko unavyodhani inahitajika, kwa sababu kingo zitaganda ngumu na kufikia Februari njia itakuwa imekubana. Na pale njia yako inapokutana na barabara ya umma, usivushe theluji kuipeleka upande wa pili. Sheria ya barabara ya Ontario inakataza kuweka theluji barabarani bila kibali cha maandishi cha wenye barabara.

Ukishapata treki, kazi kubwa ni upepo wa tairi, na hapa nataka uwe makini kweli. Wengi husikia kwamba Argo hutumia upepo mdogo, wakadhani mdogo zaidi ni bora zaidi. Treki inashikwa na tairi. Tairi likiwa laini, treki inalegea, inateleza juu yake, na kwenye kona inatoka. Kwa hiyo kitabu cha gari kinapotaja upepo wa treki, ambao ni mwingi kuliko wa matairi matupu, fuata namba ya modeli yako. Tatizo ni kwamba geji ya gari la kawaida haiwezi kukuonyesha tofauti ya psi 3 na psi 4. Nunua geji ya upepo mdogo, inayoishia psi 10 au 15. Halafu usiiamini peke yake: chukua futi ya fundi cherehani, zungushia kila tairi katikati, uandike. Tairi zote nne za upande mmoja zinazunguka kwa mwendo mmoja, kwa hiyo kubwa inataka kwenda mbali kuliko ndogo kwa kila mzunguko. Bila treki, inateleza kidogo chini na mambo yanaisha. Ndani ya treki haina pa kutelezea, zinapigana zenyewe kwa zenyewe, na anayelipa ni cheni. Ongeza au punguza upepo mpaka vipimo vilingane.

Na fanya kazi hiyo nje, kwenye baridi. Ukijaza psi 5 ndani ya gereji yenye joto la nyuzi 20 kisha ukatoka kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, hewa inasinyaa, na geji itakusomea karibu psi 2 na nusu. Nusu ya upepo imepotea na hakuna tairi lililotoboka. Treki nyingi zinazotoka siku ya kwanza chanzo chake ni hiki, na lawama inaangukia treki.

Baada ya kila safari, toa theluji iliyoshindiliwa kati ya treki na bodi kabla haijaganda, na egesha juu ya mbao. Ukiacha gari limesimama kwenye matope ya theluji usiku, asubuhi treki ni kitu kimoja na ardhi, na ukilazimisha utakata cheni. Fungua vizibo vya chini ya bodi maji yatoke, uvirudishe kabla ya kwenda ziwani. Cheni zipake mafuta na uangalie kama zimelegea, kwa sababu iliyolegea inaruka meno chini ya mzigo.

Sasa ziwa. Ni kweli Argo inaelea. Lakini kuelea kwenye maji ya kiangazi na kuvunjikiwa na barafu si jambo moja. Barafu ikivunjika, gari linaanguka kwa pembe, pua au ubavu kwanza, na maji yanaweza kuingia juu ya ukingo kabla halijajisawazisha. Likifanikiwa kuelea, utajaribu kupanda ukingo wa barafu, na ukingo huo utavunjika, na tena, na tena. Treki zinasaidia kupanda, lakini bledi ikiwa mbele inajikita chini ya barafu na kuivuta pua chini. Wakati huohuo umelowa, kwenye maji yanayolegeza mikono ndani ya dakika chache. Kuelea kunakupa muda wa kuokolewa, ikiwa kuna mtu anayejua uko wapi. Hakukupi ruhusa ya kupita.

Kwa hiyo kwanza, bledi isivuke ziwa kamwe. Itoe pini, iache nyumbani. Pili, pima barafu. Msalaba Mwekundu wa Kanada husema sentimita 15 kwa mtu anayetembea peke yake na sentimita 25 kwa pikipiki ya theluji, tena barafu safi ya bluu. Ile nyeupe yenye theluji ndani ina nusu ya nguvu hiyo. Mimi kwa Argo yenye treki na mizigo nisingekubali chini ya hizo 25, na ningetoboa kila mita kadhaa safari ya kwanza, hasa karibu na mdomo wa mto, gati, na mahali ziwa linapobana, kwa kuwa maji yanayotembea chini hula barafu bila kuonekana juu. Vaa koti la kuelea, beba vijiti vyenye ncha vya kujivutia kwenye barafu shingoni, na mwambie mtu saa ya kurudi. Kama umefunika gari kwa turubai, hakikisha hewa inapita, maana moshi wa injini iliyoachwa ikiunguruma una gesi inayoua bila harufu ya kukustua.

Utakutana pia na maji yaliyokaa juu ya barafu chini ya theluji, matope ya barafu yasiyoonekana. Hayo hayamaanishi barafu imevunjika, uzito wa theluji umeikandamiza tu. Pita bila kusimama, na ukifika ng'ambo zungusha treki mbele na nyuma mpaka zijikung'ute.

Kuna mambo ambayo siwezi kukutengenezea kwa maandishi. Inua gari, shika kila tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, au ukiona mafuta yanatoka pale ekseli inapopita kwenye bodi, au kusikia chuma kikisaga unapokata kona, usifunge treki wala bledi kabla fundi wa Argo hajaifungua. Vivyo hivyo kama upande mmoja hauitikii hendeli sawasawa na wa pili: hiyo ni breki ya ndani, na ndiyo usukani wako. Kuchomelea fremu usimpe mtu wa vyuma asiyejua mashine hizi, plastiki na matangi ya mafuta viko karibu mno na moto wake. Mpelekee fundi mwezi wa kumi, kabla foleni ya theluji ya kwanza haijaanza. Na uende na namba ya gari iliyoandikwa kwenye kibao chake, kwa sababu mabano, treki na viongezi vya beringi vinatofautiana kwa modeli na mwaka, na picha ya simu haitoshi kumwagizia kipuri sahihi.